Gauni Lililokatwa Kombo

Mficha uchi hazai. Watoto wa shule wakisomewa methali hii huinamisha vichwa na kucheka chini ya madawati, kwa kuwa masikio yao hunasa neno la katikati tu. Waliokula chumvi nyingi hawacheki. Wanajua kwamba mzazi anayemwonea haya mkunga huweza kufa na uchungu wake, na kwamba jambo hili haliishii chumba cha uzazi. Mwenye donda akilifunika kwa nguo nzuri, watu watasifu nguo, na donda litaendelea kula nyama. Msaada haumfikii mtu aliyejifungia mlango kwa ndani.

Fundi Pindo aliijua methali hiyo, tena aliifundisha. Alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa. Jina la Pindo alipewa na wateja wake, kwani suruali iliyopita mikononi mwake iliweza kuchakaa magotini na kutoboka makalioni, lakini pindo lake lingebaki limesimama kama askari wa zamu. Mkewe aliitwa Mama Vifungo. Yeye ndiye aliyetoboa matundu, akatia vifungo na kumalizia kwa mkono kila kilichoshindikana kwa mashine. Kwa miaka ishirini na sita walifanya kazi pamoja katika chumba kimoja kilichotazama barabara: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na mabaki ya vitambaa yaliyojaa kona kama majani yaliyofagiliwa. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Waliobaki ni wao wawili, na washirika wa kanisa walisema wawili hao ni chanda na pete.

Kwa sababu hiyo walikabidhiwa darasa la wachumba. Kila Jumamosi asubuhi, vijana waliotaka kufunga ndoa waliketi mbele yao katika chumba cha nyuma ya kanisa, wakafundishwa namna ya kuishi. Fundi Pindo pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya huruma, ile iliyotembelea wagonjwa, wafiwa na wazee wasio na mtu. Hapana nyumba yenye msiba ambayo hakuingia. Hapana aibu ya mtu ambayo hakuijua na kuisitiri.

Ya kwake aliisitiri zaidi.

Ilianza kidogo kidogo. Siku moja aliona dirisha la karakana limechafuka, akachukua tambara na kusugua kioo hadi mkewe akamuuliza kama wanatarajia mgeni. Kioo kilikuwa safi. Ukungu ulikuwa katika jicho lake la kushoto. Baada ya miezi michache na la kulia likaanza kupata utando, kama maji yaliyomwagiwa tone la maziwa. Hakumwambia mtu. Fundi asiyeona ni nani? Ni mzee tu aliyeshika mkasi. Basi akajifunza hila. "Nitungie uzi, mke wangu, vidole vyangu vina mafuta ya mashine." "Hebu soma kipimo hicho, mwandiko wako leo umekuwa kama nyayo za kuku." Mkewe alitunga uzi, akasoma kipimo, akacheka. Aliyaona yote hayo kuwa mizaha ya mume anayezeeka.

Ndipo akaja binti wa mwokaji mikate. Alikuwa amehitimu darasa lao la wachumba, naye hakutaka gauni lake la harusi lishonwe na fundi mwingine. Kitambaa kilikuwa satini nyeupe, kizito, cha kuteleza. Mama Vifungo alimpima msichana, akaandika vipimo kitabuni. Fundi Pindo akatandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki nyeupe, kama alivyochora maisha yake yote.

Mstari wa chaki hakuuona. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa satini, hakuuona. Mkewe alikuwa mlangoni akiongea na mteja. Kumwita ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake akapapasa kwa kidole, akajiambia kwamba mikono yake inakijua kitambaa kuliko macho yanavyokijua, akaukaza mkasi.

Mkasi ulipofika kiunoni alijua. Mkono wa fundi hujua kabla ya akili kukubali. Alikuwa amekata ndani ya mstari. Aliziunganisha sehemu hizo hivyo hivyo, akimwomba Mungu muujiza ambao hata yeye aliuonea haya kuuomba.

Siku tatu kabla ya harusi binti akaja kujaribu, akifuatana na mama yake. Gauni halikufunga. Mgongoni palibaki pengo la vidole vinne, na kwenye kwapa mshono ulipanda juu kama mtu aliyeshtuka. Msichana alijitazama kwenye kioo kirefu, akauvuta mgongo wa gauni kwa mikono miwili.

"Fundi," mama yake alisema polepole, "hiki ni nini?"

Fundi Pindo aliona maumbo mawili meupe mbele yake, hakuona uso hata mmoja. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitamka maneno ambayo hakuyapanga.

"Vipimo aliandika mke wangu."

Mama Vifungo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, sindano mkononi. Kitabu cha vipimo kilikuwa kando yake, na vipimo vilikuwa sahihi. Angeweza kukifungua. Alimtazama mumewe kwa muda, akangoja. Aliporidhika kwamba hakuna neno jingine linalokuja, akainuka, akapiga magoti mbele ya msichana na kuanza kufungua pini.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu."

Binti wa mwokaji aliolewa akiwa na gauni la kuazima lililomning'inia mabegani. Ulimi hauna mfupa. Kabla ya juma kuisha habari zilikuwa zimetembea. Mama Vifungo amekuwa mzembe. Mama Vifungo hana akili zake siku hizi. Mmoja akasema huenda anakunywa kwa siri, na waliosikia wakatikisa vichwa kwa huzuni, jambo ambalo ni sawa na kukubali. Wateja wakawa wanaleta nguo na kunong'ona, "Fundi, hii ushone wewe mwenyewe, mpaka mwisho." Katika kwaya, alimoimba Mama Vifungo, nafasi ya kando yake kwenye benchi ilianza kubaki wazi. Naye, baada ya Jumapili tatu, akarudisha joho la kwaya likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, akawa anaketi nyuma kabisa karibu na mlango.

Nyumbani hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alihamishia shuka zake katika chumba cha binti yao. Mazungumzo yao yakakonda hadi yakabaki mifupa.

"Chai ipo."

"Nimeona."

Hakuwa ameona. Aliipapasa.

Fundi Pindo aliomba kila siku. Alipiga magoti, akawataja wagonjwa wote wa kanisa kwa majina, wafiwa wote, watoto wao, hata mifugo yao; lakini alipofika kwenye jina la mkewe, ulimi ulimgandama kinywani. Angemwomba Mungu nini? Amlainishe mkewe moyo? Aliyeufanya ugumu ni yeye. Alisema amina haraka na kuinuka kama mtu aliyetoka kuiba.

Mbaya zaidi zilikuwa Jumamosi. Waliendelea kuketi pamoja mbele ya wachumba, kwani kuacha kungeleta maswali. Jumamosi moja, kijana mmoja mwenye sauti nzito aliuliza, "Baba, na nyinyi mkikosana huwa mnafanyaje?"

Fundi Pindo alijibu vizuri mno. Alisema upendo hautunzi kinyongo. Alisema mume awe wa kwanza kuomba radhi, kwa kuwa kichwa kikiinama, mwili haukosi kuinama. Vijana waliandika kila neno. Msichana mmoja akafuta machozi. Kando yake Mama Vifungo alikuwa akitazama viganja vyake, na alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema, "Baba amemaliza." Fundi Pindo alihisi uso ukimwaka. Hata chumbani mle, mbele ya watoto wa wenzake, alikuwa uchi, na mtu mmoja tu alikuwa akimwona.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha, Jumapili moja baada ya ibada, ilikuwa zamu yao kumtembelea Mzee wa Treni.

Huyu alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini, hadi kiharusi kilipomwangusha na kumwacha nusu ya mwili haimtii. Aliishi na mkewe katika vyumba viwili nyuma ya karakana za zamani za reli. Fundi Pindo na mkewe walitembea kwenda huko wakiwa na kapu la sabuni, sukari na unga. Mama Vifungo alitangulia hatua tatu mbele, naye mume alifuata rangi ya nguo yake.

Waliwakuta wenyeji wao katikati ya shughuli. Mzee ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, kifua wazi, mkewe akimwosha kwa kitambaa na bakuli la maji ya vuguvugu. Fundi Pindo alirudi nyuma kwa adabu.

"Ingieni, ingieni," mzee alisema. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, polepole lakini wazi. "Mnakimbia nini? Si mimi tu? Mama, wape viti."

Bibi akamaliza kumfuta mumewe, akamvalisha shati, akagundua kifungo cha kifuani kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mzee akacheka. "Mungu si Athumani. Kifungo kimekatika, na fundi ameingia! Fundi, nisaidie kabla hawa kina mama hawajakianika kifua changu tena."

Bibi alileta sindano na uzi, akaenda jikoni. Mama Vifungo akamfuata kumsaidia kupakua kapu.

Fundi Pindo aliishika sindano. Uliobaki ulikuwa uzi tu. Akaulainisha kwa mate, akausogeza. Ukapita hewani. Akajaribu tena, ukapinda kidoleni. Aligeukia dirisha kutafuta mwanga, lakini mwanga uliongeza ukungu tu. Mara ya tatu, ya nne. Alitamani kuita "nitungie, vidole vina mafuta," lakini hapakuwa na mashine hapo, wala hakuwa na uso wa kumwita mkewe kwa neno lolote. Mara ya sita sindano ikamchoma chini ya ukucha. Tone la damu likadondoka kwenye shati safi la mgonjwa.

"Fundi," mzee alisema kwa sauti ya chini, "uzi uko kulia kwa sindano. Tangu lini huoni?"

Fundi Pindo aliishusha sindano gotini.

"Sikucheki," mzee akaendelea. "Mimi nilipoanguka, mwezi wa kwanza nilikataa asinioshe. Yeye, mke wangu wa miaka arobaini! Nilimfukuza na bakuli lake. Dereva wa treni avuliwe nguo kama kichanga? Nikanuna kitandani, nikapata vidonda mgongoni, vikanuka. Nikawa nanuka, fundi, kwa ajili ya heshima. Siku vidonda vilipomtisha daktari, mke wangu akaniambia, 'Hata yule mtume alikataa kuoshwa miguu, akaambiwa basi huna sehemu nami.' Nikamwachia. Alilia, nikalia, akaniosha. Siku hiyo ndiyo niliyooa. Ile ya kanisani nilivaa suti tu."

Hapo Fundi Pindo akahisi kuna mtu mlangoni. Aligeuka. Aliona umbo na rangi ya nguo, basi. Hakujua mkewe alikuwa amesimama pale tangu uzi wa ngapi.

Mama Vifungo alivuka chumba bila neno, akachukua sindano, akaitunga uzi kwa mara moja, akakishona kifungo cha mzee. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akaiosha ile damu kwa maji baridi. Wakasali na wenyeji wao, wakaaga.

Nje, jua la alasiri lilikuwa kali. Walipofika kwenye ngazi za kushukia za daraja la reli, Mama Vifungo alisimama.

"Ngazi ni ngapi hapa?"

"Mke wangu—"

"Nimekuuliza ngazi ni ngapi."

"Sijui," akasema. "Sizioni."

"Na mimi? Unaniona?"

"Uso wako sijauona tangu mwaka jana. Nauona kama kitu kilicho nyuma ya pazia."

Alimsikia akivuta pumzi. "Kumbe! Nami nimekaa miezi yote hii nikisema mume wangu hanitazami machoni, amepata mwingine. Ukipita unaniangalia begani. Nikasema basi, nimechosha, nimezeeka, amenichoka." Sauti yake ilikuwa karibu kuwa na huruma. Kisha ikabadilika. "Subiri kwanza. Lile gauni. Ulijua?"

Hapa palikuwa na njia mbili, naye alikuwa amechoka na ile ya uongo.

"Nilijua. Mkasi ulipofika kiunoni, nilijua."

"Kabla hawajaja kujaribu?"

"Kabla."

"Ulipotamka kwamba vipimo niliandika mimi, ulijua?"

"Nilijua, mke wangu."

Treni ya mizigo ilipita chini yao, ndefu, ikazuia maneno. Ilipokwisha Mama Vifungo alikuwa analia, lakini si kilio cha mtu anayetaka kubembelezwa.

"Mimi nilidhani ulikosea, ukaogopa, mdomo ukateleza. Nikakubeba, nikasema jioni ataniambia. Jioni ikapita. Nikasema kesho. Wameniita mlevi. Mlevi! Mimi! Wewe ukaenda kuhubiri kwamba kichwa kikiinama, mwili haukosi kuinama." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Akanyoosha mkono, akamshika mkono wake, kwa nguvu, kama mtu anayeshika mzigo. "Ngazi ni kumi na nane. Nitakushika ushuke, kwa sababu sitaki uvunjike shingo. Kukusamehe, bado. Hilo niombee."

Akamshusha ngazi kumi na nane, akizihesabu kwa sauti.

Kesho yake Fundi Pindo alitaka kuanza na hospitali. Mkewe alikataa. "Macho yako yamengoja mwaka, yatangoja na juma moja. Jina langu limengoja vya kutosha."

Alimpeleka hadi mlango wa mwokaji mikate, akamwacha hapo. Hakuingia naye. Kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya mikate iliyotoka kuokwa, na sauti mbili za wanawake zilizokatika ghafla alipobisha hodi. Binti alikuwa amekuja kumsaidia mama yake. Fundi Pindo alikuwa ameandaa hotuba nzuri yenye utangulizi. Ikamtoroka yote.

"Gauni lako nililikata mimi vibaya," alisema. "Vipimo vilikuwa sahihi. Mimi sioni. Nilijua, nikamsingizia mke wangu mbele yenu, naye akanifunika. Nimekuja kusema hivyo tu."

Kikaja kile ambacho hakukitarajia: msichana akaanza kulia. "Baba, ni mimi niliyesema anakunywa," alisema kwa kwikwi. "Nilikuwa na hasira. Nilisema mara moja tu."

Mama yake aliketi juu ya gunia la unga. "Nami nimempita sokoni miezi minane bila salamu. Mama aliyempigia magoti mwanangu!" Akamgeukia fundi, na sauti yake haikuwa na asali. "Wewe baba umetufanyia vibaya. Umetutia sote katika dhambi yako, kila mtu akachota sehemu yake."

Aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule, na kwa mara ya kwanza hakutafuta maneno ya kukiinua.

Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Mchungaji, akidhani ni habari za kamati ya huruma, akampa. Fundi Pindo alitembea mbele akipapasa migongo ya mabenchi. Watu walidhani ni unyenyekevu. Aliposimama aliona mbele yake ukungu wenye rangi nyingi, akashukuru kwamba haoni nyuso, kisha akaona haya hata kwa shukrani hiyo.

"Mnatuita chanda na pete," alianza. "Pete mliivua nyinyi mkaitupa chini, kwa sababu ya uongo wangu." Akawaeleza: jicho, chaki, mkasi, sentensi ile ya maneno manne. Hakuongeza methali wala mfano. "Mke wangu si mzembe wala mlevi. Mwongo ni mimi. Najitoa katika darasa la wachumba na katika uenyekiti wa kamati. Na," alisema, ingawa sehemu hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, "naomba msaada. Sijui hata njia ya kufika hospitali ya macho."

Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Aibu ilimvaa kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo, naye akasimama ndani yake bila kukimbia, kwa kuwa hakujua ngazi za madhabahu zinaishia wapi. Kisha akasikia nyayo zikija kutoka nyuma kabisa, kutoka benchi la mlangoni. Mkono aliojua ukamshika kiwiko.

"Ngazi mbili," Mama Vifungo akanong'ona. "Halafu geuka kushoto."

Kamati ya huruma ikakutana juma lile bila mwenyekiti wake, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa ajenda. Yeye aliyezoea kubeba kapu akajifunza kulipokea. Ilimuuma. Mwokaji alituma mikate, fundi akataka kuirudisha, mkewe akamwambia, "Pokea. Umewafundisha watu miaka yote kupokea, jifunze na wewe." Yule kijana mwenye sauti nzito na mchumba wake walijitolea kuwasindikiza hospitalini. Fundi Pindo alikaa katikati yao kwenye benchi la kungojea, akiwaza majibu mazuri aliyowahi kuwapa, na shingo ikawa nzito.

Daktari alimchunguza muda mrefu. "La kulia ni mtoto wa jicho," alisema. "Tutalisafisha, utaona. La kushoto limeharibiwa na presha ya jicho. Hilo, mzee, limekwenda. Ungekuja mwaka jana, ulipoona ukungu wa kwanza, tungeliokoa."

"Mwaka jana," Fundi Pindo alirudia.

"Kwa nini hukuja?"

Alifikiria jibu, akaliona ni fupi kuliko alivyotarajia. "Niliona haya, daktari."

Mama Vifungo alikuwa amemshika mkono tangu mlangoni ili asijikwae. Daktari alipotoka, hakuuachia.

Siku ya kuondoa bandeji, muuguzi aliivua polepole, akamwambia afumbue jicho taratibu. Mwanga ukaingia. Kwanza ukuta wa buluu. Kisha kiti. Kisha, kwenye kiti, uso: mashavu yaliyobonyea kidogo, mvi zilizojaa juu ya paji la uso, mikunjo miwili mipya kandokando ya mdomo, na macho yaliyokuwa yakimtazama bila kupepesa.

"Umezeeka," ilimtoka.

Mara akataka kuyameza maneno. Miezi yote ile, na hilo ndilo neno la kwanza! Mikunjo ile miwili aliichora yeye mwenyewe, na bado amethubutu kuitaja. Alifunika uso kwa viganja.

Kisha akasikia sauti ambayo ilikuwa imepotea nyumbani kwao tangu siku ya gauni. Mama Vifungo alikuwa anacheka. Alicheka hadi muuguzi akageuka, hadi machozi yakamtoka.

"Na wewe umejiona?" alimwuliza. "Ngoja wakupe kioo, ndipo utajua nani mzee."

Hakusema kwamba amesamehe. Neno hilo lilikuja baadaye, siku ya kawaida, akiwa anatia vifungo kwenye koti la mtu, alipolitamka bila kuinua kichwa, kama anayekumbuka kitu alichosahau kusema. Shuka zake zilikuwa zimekwisha kurudi. Naye Fundi Pindo, katika sala zake, alilitaja jina la mkewe kwanza, kabla ya wagonjwa wote, na ulimi haukumgandama.

Baada ya miezi sita mchungaji aliwaomba walirudie darasa la wachumba. Fundi Pindo alikataa mara mbili. Mara ya tatu Mama Vifungo aliitikia kwa niaba ya wote wawili, kwa sharti kwamba somo la kwanza litakuwa la gauni, na mwalimu atakuwa yeye. Siku hiyo aliwasimulia vijana yote, hakupunguza hata nukta, mumewe akiwa ameketi kando yake. Uso ulimwaka Fundi Pindo kama siku ya kwanza. Aibu ile haikumwacha. Labda haitamwacha kamwe, kama lile jicho la kushoto ambalo halitarudi. Ila sasa ilikaa nje, penye watu, haikumla tena kwa ndani.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. "Baba, huoni haya tukiyasikia haya yote?"

"Naona sana, mwanangu," Fundi Pindo alijibu. "Lakini nilipoificha ilinila jicho, ikamla mke wangu jina lake, na ilibaki kidogo tu itule ndoa. Nilipoitoa nje ndipo nilipopata daktari, nikapata ndugu, nikampata na huyu. Ndiyo maana nakaa hapa mnisikie: mficha uchi hazai."